Kabla ya kukimbilia pwani, panda Wundanyi

BAADHI ya mabasi yanayotoka Nairobi kwenda Mombasa husimama Voi. Abiria hushuka, hunywa chai, hunyoosha miguu na kurudi garini mbio wasije wakaachwa. Fikira zao zote ziko Mombasa. Ni wachache wanaoinua macho kuitazama milima iliyo magharibi ya mji huo, na ni wachache zaidi wanaojiuliza kuna nini huko juu.

Huko juu kuna Wundanyi, mji mdogo wa milima ya Taita, kiasi cha kilomita 40 hivi kutoka Voi. Kwa miaka mingi ulikuwa makao makuu ya wilaya ya Taita Taveta. Hata hivyo, haujapata kuwa mji wa makelele. Una soko, maduka, benki, ofisi za serikali, makanisa, msikiti na nyumba za wageni za wastani. Mtu mwenye miguu mizima anaweza kuuzunguka wote kabla chai haijapoa.

Msomaji huenda akauliza: sasa jamaa yangu itafanya nini mahali kama hapo siku mbili nzima?

Swali hilo ndilo sababu ya kwenda. Wazazi wengi wa mjini hutoka nyumbani alfajiri na kurudi watoto wamelala. Ikifika likizo, fedha za mwaka mzima humalizwa katika hoteli ya ufuoni, ambako baba hukaa na wenzake, mama huwalinda watoto wasizame majini, na watoto hudai soda na aiskrimu kutwa. Jamaa hurudi nyumbani imechoka, mifuko imetoboka, na wala hawakuzungumza. Katika mji mdogo wa mlimani hakuna mengi ya kununua. Lililopo ni kutembea, kula na kuongea.

Safari yenyewe

Anayetoka Nairobi ana mwendo wa kilomita 330 hivi hadi Voi. Kutoka Mombasa ni karibu nusu ya hapo. Tangu mwaka 2017 ilipoanza reli mpya, jamaa inaweza pia kupanda treni inayosimama vituo vya katikati na kushuka Voi. Kituo kiko nje kidogo ya mji, kwa hivyo itabidi kutafuta gari la kuwafikisha kwenye stendi ya matatu.

Kutoka Voi, matatu hufuata barabara ya Taveta hadi Mwatate, katikati ya nchi kavu yenye udongo mwekundu na mashamba ya mkonge. Hapo Mwatate njia hugeuka na kuanza kupanda. Ni lami, lakini ina kona nyingi kama mkia wa kinyonga. Mtoto anayetapika garini na akae karibu na dirisha, tena asishibishwe sana kabla ya kuondoka Voi.

Voi iko mita 600 hivi juu ya usawa wa bahari, na Wundanyi kama mita 1,400. Tofauti hiyo utaihisi kwenye ngozi kabla hujaambiwa. Joto la Voi hubaki nyuma, upepo hugeuka kuwa baridi, na migomba, mihogo, mahindi na miparachichi huanza kujipanga kwenye matuta yaliyochimbwa ubavuni mwa mlima. Kabeji na mboga nyingine za huku huuzwa hadi Mombasa. Mtoto wa mjini anayedhani sukuma wiki huzaliwa sokoni atapata funzo lake hapo hapo dirishani.

Beba sweta kwa kila mtu. Miezi ya Juni hadi Agosti ukungu huweza kuufunika mji asubuhi nzima. Masika ya Machi hadi Mei huleta utelezi, na viatu vya mjini havitafaa kitu.

Jumamosi ni ya miguu

Wanaojiweza na waamke mapema kwenda Vuria, kilele kirefu kuliko vyote katika milima ya Taita, mita 2,208. Utakijua kwa milingoti ya mawasiliano iliyosimama juu yake. Kukiwa hakuna mawingu, utaziona tambarare za Tsavo zimelala chini kama mkeka, na pengine utabahatika kuuona Kilimanjaro ng'ambo ya mpaka. Wenye watoto wadogo au wazee hawana haja ya kwenda mbali hivyo. Jiwe la Wesu liko karibu na mji, na ukilitazama tu umeburudika.

Lakini lililo muhimu kuliko yote ni msitu. Milima ya Taita ni ncha ya kaskazini ya safu ndefu inayopita Pare na Usambara na kuteremka hadi Udzungwa nchini Tanzania. Kwa upande wa Kenya, safu hiyo iko hapa tu. Kwa kuwa misitu yake imejitenga na mingine kwa muda mrefu mno, imezaa viumbe visivyopatikana kwingineko duniani. Wako ndege watatu wadogo wanaobeba jina la Taita katika vitabu vya wataalamu. Liko pia ua dogo la zambarau la msitu wa Mbololo, ambalo jamaa zake hupandwa katika vyungu madirishani huko Ulaya. Haikuwa bure Chuo Kikuu cha Helsinki cha Finland kufungua kituo chake cha utafiti hapa Wundanyi.

La kusikitisha ni kwamba msitu wa asili uliobaki ni vipande vipande tu. Sehemu kubwa ilikatwa kwa ajili ya mashamba na kuni, na mahali pengine ikapandwa misonobari na mikaratusi ya kigeni. Ngangao, mojawapo ya vipande vikubwa vilivyosalia, haifiki hata ekari 400. Mtu huingia upande huu na kutokea upande wa pili kabla ya chakula cha mchana.

Ingia pamoja na watoto, polepole, mkiongozwa na mwenyeji anayezijua njia. Waambie wanyamaze kidogo wasikilize. Kisha waonyeshe kuvu na majani yaliyolowa ijapokuwa mvua haikunyesha. Hiyo ndiyo kazi ya msitu wa aina hii: miti huunasa ukungu, ukungu ukawa matone, matone yakaingia ardhini na kutokea chini kama kijito. Msitu ukiisha, mkulima wa bondeni ndiye wa kwanza kulia. Maneno haya mwalimu ameyaandika ubaoni mara nyingi. Hapa mtoto huyashika kwa mkono.

Msichume maua wala kung'oa miche. Ua moja kwa kila mgeni, na baada ya miaka michache patabaki jina tu.

Mgeni mwenye adabu

Wenyeji wa Wundanyi hujiita Wadawida, na lugha yao ni Kidawida. Kiswahili wanakijua vyema, kwa hivyo hutapotea. Ila ukiamka na kumwambia mama wa sokoni “Kwawuka mana”, hiyo ikiwa ndiyo salamu yao ya asubuhi, utauona uso wake unavyokunjuka.

Ulizia kimanga. Ni chakula cha nyumbani: muhogo au ndizi mbichi hupikwa na maharagwe, kisha vikapondwa mpaka vikashikana. Si hoteli zote zinazokipika kila siku. Mwambie mwenye hoteli tangu asubuhi na kwa heshima, na huenda jioni mkakikuta mezani kingali moto.

Kuna jambo moja linalotaka uangalifu. Zamani Wataita walikuwa na desturi ya kufukua fuvu la mzee aliyekufa, baada ya muda kupita, na kulihifadhi katika pango la ukoo wake. Mapango hayo yangaliko, na mafuvu yangalimo. Si mahali pa kwenda kuchezea. Mwenye hamu ya kuona na aombe ruhusa kwa wazee, apelekwe na mwenyeji, asiguse kitu, wala asipige picha bila kuruhusiwa. Jiulize: ungependa mgeni afanye nini kwenye kaburi la babu yako?

Wazazi wanaweza kulitumia jambo hili kuwasimulia watoto habari za babu na bibi zao wenyewe. Watoto wengi wa mjini huyajua majina ya wachezaji wa mpira wa Uingereza kuliko ya wazee waliowazaa baba zao. Jioni ya baridi, chai ikiwa mezani, ndio wakati wake.

Fedha zako ziende wapi?

Nyumba za wageni si nyingi, kwa hivyo piga simu mapema, na bei iulizwe kabla ya mizigo kushushwa. Asiyetaka gharama na anunue matunda na mboga sokoni siku ya kuondoka, si kwa wachuuzi wa barabara kuu. Mwenyeji atakayewaongoza msituni mlipeni vizuri, tena bila kuvutana. Kijana anayepata riziki kwa kuwaonyesha watu miti iliyosimama hatakuwa na haraka ya kuiangusha. Hapo mgeni amekuja na mwenyeji amepona.

Jumapili, baada ya ibada na chakula, msichelewe sana kuteremka. Matatu za jioni hujaa, na zile kona zinataka mwanga wa mchana.

Huenda watoto wasiwe na la kujivunia shuleni Jumatatu, kwa maana Wundanyi haina bahari, haina bembea za umeme, wala haina simba. Lakini muulize mmoja wao kijito hutoka wapi, au babu yake alizaliwa wapi, na sikiliza atakavyokujibu. Tembea uone, walisema wahenga. Hawakusema tembea utumie.