Kompyuta ya Maktaba Isigeuke Mtego

Kwetu tuishio kandokando ya mpaka wa Uganda na Tanzania, kompyuta moja ya maktaba yaweza kutumiwa na watu wengi kwa siku: mwanafunzi, mfanyabiashara, msafiri. Kila mmoja aweza kuacha humo siri zake, au mtego wa kumnasa anayefuata.

Mitego mikuu ni miwili. Wa kwanza ni akaunti iliyoachwa wazi, kwani kufunga dirisha la intaneti pekee mara nyingi hakumtoi mtu katika akaunti yake. Wa pili ni programu, au kifaa kidogo kinachochomekwa kati ya waya wa kibodi na kompyuta, ambacho hunakili kila herufi inayobonyezwa, nywila zikiwemo.

Tunawasihi wakutubi wawape wageni akaunti isiyo na uwezo wa kuweka programu mpya, wafute kumbukumbu baada ya kila mtumiaji, na wakague waya kila asubuhi. Nanyi wasomaji, tokeni katika akaunti kabla ya kuinuka, wala msifungue humo akaunti za benki.

Kuingia katika kompyuta au akaunti ya mwingine bila idhini ni kosa pande zote mbili: Uganda kwa Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta ya mwaka 2011, Tanzania kwa Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015. Mkiona kifaa msichokijua, msikiguse, kwani ni ushahidi. Mwiteni mkutubi, kisha tupeni taarifa.