Kosa si udogo wa injini bali ukubwa wa jina

Jumapili moja mpwa wangu, ambaye ni makenika katika gereji moja hapa Nairobi, alinijia nyumbani akiwa na jarida la magari mkononi na ghadhabu usoni. Hakungoja hata chai imiminwe. "Mjomba," akaanza, "hawa Wajerumani wametutukana. Wameichukua C63 wakaitia injini ya silinda nne!" Nilicheka kidogo, maana kazi yangu ni isimu wala si spana, na nilidhani haya ni malalamiko ya kijana asiyeweza kulinunua gari hilo hata kwa ndoto. Lakini kadiri alivyozidi kueleza, ndivyo nilivyozidi kutambua kwamba shauri lenyewe liliihusu taaluma yangu pengine kuliko lilivyoihusu yake.

Msomaji asiyefuatilia mambo ya magari ya kasi yafaa aelezwe kwa muhtasari. Mnamo Septemba 2022 kampuni ya Mercedes, kupitia tawi lake la AMG, ilizindua C63 mpya. Mtangulizi wake alikuwa na injini ya lita 4 yenye silinda 8 zilizopangwa kwa umbo la herufi V, na nguvu za farasi 510. Gari jipya lina injini ya lita 2 na silinda 4 tu. Hata hivyo, limeongezewa betri na mota ya umeme inayosukuma magurudumu ya nyuma, hata jumla ya nguvu zake ikafika farasi 680. Huondoka likafikia mwendo wa kilomita 100 kwa saa kwa sekunde 3.4, ilhali mtangulizi wake alihitaji karibu sekunde 4.

Sababu za mabadiliko hayo hazijafichika. Kufikia mwaka wa 2021 Umoja wa Ulaya ulizitaka kampuni zihakikishe kwamba magari mapya, kwa wastani, hayatoi zaidi ya gramu 95 za hewa ya kaboni kwa kila kilomita. Kwa kila gramu iliyozidi, kampuni ingetozwa faini ya euro 95, tena kwa kila gari jipya lililosajiliwa. Injini kubwa ikawa mzigo, na injini ndogo yenye msaada wa umeme ikawa kimbilio.

Nilimsomea mpwa wangu takwimu hizo moja baada ya nyingine, kisha nikamuuliza analalamikia nini ikiwa gari jipya lina nguvu na kasi kuliko la zamani. Akanijibu kwamba limekuwa zito, na hapo alisema kweli, kwa kuwa lina uzito wa zaidi ya tani 2 na limemzidi mtangulizi wake kwa kilo zaidi ya 300. Nikamwambia uzito haukulizuia kumshinda mtangulizi huyo. Akasema silinda nne ni za kubebea mboga. Hapo nikadhani nimemnasa. "Lakini wewe mwenyewe," nikamkumbusha, "Subaru unayoisifu usiku na mchana ina silinda ngapi?" Alinyamaza kidogo, kisha akanijibu kwa utulivu ambao sikuutarajia: "Nne, Mjomba. Lakini Subaru haijawahi kudai ina nane."

Jibu hilo lilinifanya niweke kikombe chini. Waama, kijana huyu hakuwa amesomea nadharia ya ishara, lakini alikuwa ameigusa penye kiini.

Tuitazame nambari 63 kama tunavyolitazama neno lolote lenye historia. Mwaka wa 1968 Mercedes ilitoa gari lililoitwa 300 SEL 6.3, na nambari hiyo ilieleza ukweli mtupu, yaani injini ya lita 6.3. Miongo minne baadaye AMG iliifufua nambari hiyo katika C63 ya kwanza. Injini yake ilikuwa na sentimita za ujazo 6,208, nayo ni lita 6.2 kwa hesabu ya mtoto wa shule. Uongo huo mdogo ulisamehewa. C63 iliyofuata ikashuka hadi lita 4, na bado wengi hawakuipinga nambari. Kwa nini? Kwa sababu kufikia wakati huo maana ya 63 ilikuwa imekwisha kuhama. Haikumaanisha tena lita. Ilimaanisha silinda nane, pamoja na mngurumo wake. Hakuna mkutano uliopitisha uamuzi huo. Watumiaji wa lugha ndio walioupitisha kimyakimya, kama wafanyavyo daima. Kosa la kampuni mwaka wa 2022 ni kudhani kwamba, kwa kuwa nambari hiyo ilikwisha kuacha kumaanisha lita, basi haikumaanisha chochote.

Yupo atakayeuliza iwapo majina hayana haki ya kuachana na asili yake. Yana haki hiyo, na ushahidi tunaupanda kila asubuhi. Neno matatu lilitokana na nauli ya senti thelathini, yaani sarafu tatu za senti kumi kumi. Leo hakuna utingo atakayekubali sarafu tatu za aina hiyo, wala hakuna abiria atakayekwenda mahakamani kudai amedanganywa na jina. Tofauti ni kwamba mwenye matatu hauzi jina. Nauli ilipanda mbele ya macho ya kila mtu, na neno likabaki kama gamba la konokono aliyehama. Mwenye C63, kinyume chake, anauza nambari iliyobandikwa kwenye buti, tena anaiuza kwa bei ghali kwa kuwa watu wanakumbuka ilichowahi kumaanisha. Wahenga hawakukosea waliponena kwamba mgema akisifiwa tembo hulitia maji.

Aidha, ipo ishara ya pili ambayo ni kongwe kuliko nambari, nayo ni sauti. Katika injini ya kawaida ya petroli kila silinda huwaka mara moja kwa kila mizunguko miwili. Kwa hiyo injini ya silinda nne inayozunguka mara 3,000 kwa dakika huwaka mara 100 kwa sekunde, na ile ya nane mara 200. Sisi wanafonetiki twazifahamu nambari hizo. Ya kwanza hukaribia kasi ya kutetemeka kwa nyuzisauti za mwanamume anapozungumza, na ya pili hukaribia ile ya mwanamke. Ajabu ni kwamba sikio husikia injini ya nane kuwa ndiyo yenye sauti nzito. Katika injini nyingi za aina hiyo milipuko haigawanywi sawasawa baina ya safu mbili za silinda, kwa hiyo mabomba ya moshi hutoa mdundo unaochechemea, wenye uzito chini yake. Subaru ya zamani hutoa mdundo wa namna hiyo kwa sababu mabomba yake hayalingani kwa urefu. Kumbe anachokipenda shabiki si idadi ya silinda. Ni lafudhi.

Na lafudhi ya kweli haiigizwi kwa urahisi. Mwaka wa 2011 BMW ilipobadilisha injini ya M5 kutoka silinda kumi hadi nane zenye tabo, kile kifaa kinachosukuma hewa ndani ya injini, iliona sauti imefifia, ikaamua kumpigia dereva sauti ya injini kwa spika za redio. Mashabiki walikasirika, nami nawaelewa kwa sababu aliyoniambia mpwa wangu: "Mjomba, mimi husikiliza gari kama daktari asikilizavyo kifua. Likiongea kwa spika, nitaujuaje ugonjwa wake?" Hilo si suala la anasa. Magari ya Ulaya hutufikia yakiwa yamekwisha kutumika kwa miaka kadhaa. Siku moja mnunuzi atasimama kwenye yadi Mombasa, asome 63 kwenye buti, na alipe kwa kuiamini nambari hiyo. Kisha fundi mwenye sikio ndiye atakayetakiwa kumweleza alichokinunua.

Je, yote haya yana maana kwamba injini mseto ni laana? Hasha! Mwaka wa 2021 Ferrari ilitoa gari la 296 GTB, nalo pia ni mseto wa petroli na umeme. Liliingia kwenye safu ya magari yaliyokuwa na silinda nane, na lenyewe lina sita. Nguvu zake ni farasi 830. Gari hilo lilipokelewa kwa heshima na watu walewale wanaoililia C63. Itazameni nambari yake: lita 2.9 na silinda 6, ndiyo 296. Nambari inasema kilichomo. Wahandisi wakaishughulikia sauti ndani ya injini yenyewe, kwa kuzipanga silinda ili zilipuke kwa nafasi sawa, hata wakaibandika jina la utani la V12 ndogo. Udogo haukufichwa, na kwa hiyo haukuonewa aibu.

Hali kadhalika, mashabiki nao wasijifanye malaika. Mbio za Formula One zilipoacha injini za lita 2.4 na kuanza mseto wa lita 1.6 mwaka wa 2014, kelele zilizopigwa kuhusu ukosefu wa kelele zilikuwa nyingi mno. Mwezi wa Mei mwaka huo Mercedes ilijaribu hata kufunga bomba la moshi lenye mdomo wa tarumbeta kule Barcelona, bila mafanikio ya maana. Kumbe ndani ya ukimya ule wahandisi walikuwa wakifanya kazi ambayo mngurumo haukuwahi kuifanya. Kufikia 2017 kampuni hiyo ilitangaza kwamba katika majaribio injini yake ilikuwa imegeuza zaidi ya nusu ya nishati ya mafuta kuwa kazi. Debe tupu haliachi kuvuma, na si kila kinachonguruma kina kitu ndani.

Hata hapa kwetu, magari ya daraja la juu katika Safari Rally ya Naivasha kati ya 2022 na 2024 yalikuwa mseto wa injini ya lita 1.6 na mota ya umeme. Nilisimama katika vumbi la Kedong pamoja na maelfu ya Wakenya, na sikumsikia hata mmoja akiuliza idadi ya silinda. Tulishangilia kwa sababu gari lilifanya mbele yetu kile lilichosema litafanya.

Mwaka wa 2025 AMG ilithibitisha kwamba inaunda injini mpya ya silinda nane, nayo itasaidiwa na umeme. Mpwa wangu aliipokea habari hiyo kama mtu aliyeshinda kesi. Mimi naisoma vingine. Funzo si kwamba injini ndogo imeshindwa, maana kwa mizani ya nguvu na kasi haikushindwa. Funzo ni kwamba jina ni ahadi, na mwenye kuibadilisha ahadi humpasa amwambie aliyeahidiwa. Lau gari lile lingepewa nambari yake lenyewe, huenda leo lingekuwa na mashabiki wake, kama Subaru ilivyo na wake. Chema chajiuza, na hakihitaji kuazima jina la marehemu.

Nilipomweleza hayo, mpwa wangu alikunja jarida lake, akavuta kiti karibu na meza. "Sasa Mjomba," akasema, "chai yaweza kumiminwa."