"Mikono Yetu Imefungwa": Misemo ya Kiingereza na Maana Yake

Juma lililopita kikundi chetu kilipata hofu ya bure. Tulikuwa tumechanga pesa za unga wa mahindi na kutuma nusu kwa muuzaji wa ng'ambo ya mpaka, upande wa Zambia. Kisha tukamwandikia atupunguzie bei kidogo. Jibu likaja kwa Kiingereza: "Our hands are tied." Kijana wa mmoja wetu akatafsiri neno kwa neno: "Mikono yetu imefungwa."

"Wamekamatwa!" mama mmoja akapiga kelele. Wengine wakaanza kuhesabu pesa za kwenda kuwatoa. Wengine wakasema zile tulizotuma zimekwisha potea.

Jirani yetu, mwalimu wa Kiingereza, ndiye aliyetutuliza. Hakuna aliyefungwa. Mtu husema hivyo anapotaka kusaidia lakini kanuni au mkubwa wake anamzuia. Muuzaji alikuwa anasema tu: si mimi ninayepanga bei.

Siku hizi Kiingereza kiko karibu nasi hapa Kolwezi. Kiko katika biashara ya Kasumbalesa, katika makampuni ya migodi, katika madaftari ya watoto. Kwa hiyo tulimwomba mwalimu atufundishe misemo mingine:

• "It costs an arm and a leg." Kitu kimegharimu mkono na mguu. Hakuna aliyeumia, bei ndiyo kali mno.

• "It's raining cats and dogs." Paka na mbwa wananyesha. Ni mvua kubwa, kama zile zetu za Januari.

• "Break a leg." Vunja mguu! Si laana. Humwambia hivyo mtu anayepanda jukwaani kuimba au kuigiza, kumtakia afanye vizuri.

• "Don't cry over spilt milk." Usililie maziwa yaliyomwagika. Sisi tunasema: maji yakimwagika hayazoleki.

• "Don't count your chickens before they hatch." Usihesabu vifaranga kabla mayai hayajaanguliwa. Wazee wetu walisema: usikate mbeleko na mwana hajazaliwa.

Lakini tusiwacheke Waingereza. Mgeni akisikia kwetu "Article 15" atatafuta kitabu cha sheria, kumbe tunamaanisha: jitafutie maisha mwenyewe. Au achukue neno la Kilingala, *kobeta libanga*, kupiga jiwe. Maana yake ni kuhangaika kutafuta riziki, na mwuza nguo wa Kinshasa hulisema bila kugusa jiwe lolote. Hapa kwetu wako wamama wanaovunja na kuosha mawe ya shaba na kobalti kweli, jua kichwani, mtoto mgongoni. Neno ni moja, uzito si mmoja. Lazima kujua ni nani anayesema, na anasemea wapi.

Kwa hiyo tumepatana hivi katika kikundi. Ujumbe wa lugha ya kigeni ukitushtua, hatutumi pesa wala hatutangazi habari kabla ya kuuliza: je, huu si msemo? Halafu tunampigia simu mwenyewe, atueleze anakusudia nini. Pesa ya simu ni ndogo kuliko hasara.

Na mama usiyejua Kiingereza, usikae mbali na daftari la mtoto wako. Akija na msemo kutoka shuleni, mwulize maana yake, kisha mwambie sisi tunasemaje. Yeye atakupa wa kwao, wewe utampa wa kwetu, na wote wawili mtakuwa mmejifunza.

Unga wetu umefika, mifuko yote. Bei haikupungua hata franga moja. Mkutano ujao, kila mama aje na msemo mmoja wa nyumbani kwao na maana yake.