Mkurugenzi huyu ametumwa na nani?

Mkurugenzi Mtendaji akiondoka katika shirika la uhifadhi lenye ofisi Arusha, yanayofuata yanajulikana. Bodi inakaa, kaimu anateuliwa, na tangazo la kazi linazunguka kwenye makundi ya WhatsApp kabla halijafika gazetini. Sifa zinafanana kila mara: shahada ya uzamili, uzoefu wa miaka kumi, umahiri wa kuandika maandiko ya miradi, Kiingereza fasaha, uwezo wa kushughulika na wafadhili. Mwishoni kabisa, kama nafasi imebaki, huongezwa kwamba mwombaji anayejua Kimaasai na kuzifahamu jamii za wafugaji atafikiriwa zaidi.

Ningekuwa mjumbe wa bodi, hiyo ya mwisho ningeipandisha iwe ya kwanza. Shirika linalohifadhi ardhi katika ukanda huu halimiliki ardhi. Malisho ya Simanjiro, Longido, Monduli na Kiteto kwa sehemu kubwa ni ardhi ya vijiji, na Sheria ya Ardhi ya Vijiji Namba 5 ya mwaka 1999 imeikabidhi halmashauri ya kijiji kuisimamia kwa niaba ya wanakijiji, huku mkutano mkuu wa kijiji ukiwa na neno la mwisho katika mambo makubwa. Mkurugenzi aliyekaa ofisini Njiro au Sekei, jijini Arusha, hana amri juu ya ekari hata moja. Nguvu yake yote ameazimwa na watu waliokubali awasemee. Kwa hiyo mtu anayeomba kazi hiyo aulizwe mapema kabisa: umetumwa na nani, na ukikosea utarudi kujieleza kwa nani?

Wameru walilijibu swali hilo zaidi ya miaka 70 iliyopita, na jibu lao lingefaa kusomwa na kila bodi kabla ya usaili.

Tangu enzi za Wajerumani, walowezi walikuwa wamechukua mashamba kuuzunguka Mlima Meru upande wa chini, wenyeji wakabanwa mlimani. Ngare Nanyuki, kaskazini mashariki mwa mlima, ikabaki mahali pa kulishia mifugo na pa kupanulia makazi. Baada ya Vita Kuu ya Pili, Tume ya Jaji Wilson ikapendekeza ardhi ya ukanda kati ya Meru na Kilimanjaro ipangwe upya, Wazungu wapate eneo lao lisilokatizwa na makazi ya Waafrika. Novemba 1951 serikali ya Mwingereza ikaanza kuwahamisha watu wapatao 3,000. Nyumba zilichomwa moto, mifugo ikaswagwa, na watu wakaelekezwa King'ori, kwenye joto na magonjwa ambayo mifugo yao haikuyazoea. Mashamba waliyoondolewa yakakatwa vipande 13 kwa ajili ya walowezi.

Wameru hawakuitisha maombi ya kazi. Walihitaji mtu wa kwenda mbali kuwasemea, na wakamtuma mmoja wao, Kirilo Japhet. Walichanga fedha wenyewe. Katika nchi ya wakulima wa kahawa na ndizi, kumsafirisha mtu mmoja hadi New York ulikuwa mzigo mkubwa, na waliubeba kwa hiari. Utaalamu waliokosa waliutafuta kwingine: wakili Earle Seaton, mzaliwa wa Bermuda aliyekuwa akifanya kazi Moshi, alisimama pamoja nao katika sheria na taratibu za Umoja wa Mataifa. Hapo pana jambo ambalo bodi za leo hulipindua. Wameru walimwajiri mtaalamu, lakini usemaji wote hawakumwachia mtaalamu. Aliyesema juu ya nyumba zilizoungua alikuwa mtu wa nyumbani.

Julai 1952 Kirilo alizungumza mbele ya Baraza la Udhamini. Desemba mwaka huohuo suala likafika Baraza Kuu, na azimio la kuwatetea Wameru halikupata theluthi mbili ya kura zilizohitajika. Kwa vipimo vya ripoti za miradi, hilo ni lengo ambalo halikufikiwa. Kirilo alirudi bila ardhi. Alichofanya baada ya hapo ndicho ninachokiheshimu zaidi katika habari yake yote: alizunguka akiwaeleza watu alichokisema, alichojibiwa na kura zilivyokwenda. Wananchi wa sehemu nyingine za Tanganyika, ambao hawajawahi kuiona Ngare Nanyuki, wakajua kwamba serikali ya kikoloni inaweza kushtakiwa mbele ya dunia. TANU ilipozaliwa mwaka 1954, habari hiyo ilikuwa imekwishatangulia. Na Wameru wakaja kuipata tena ardhi yao. Kirilo na Seaton waliandika kitabu kuhusu kesi hiyo, kikatoka mwaka 1967, na hadi leo ni miongoni mwa maandishi bora ya Tanzania kuhusu maana ya kuwakilisha watu.

Waliorithi kazi hiyo leo wako katika mashirika yasiyo ya kiserikali. Chukua UCRT, yaani Ujamaa Community Resource Team, lenye makao yake hapa Arusha. Mwaka 2016 Edward Loure wa shirika hilo alipewa Tuzo ya Mazingira ya Goldman kwa upande wa Afrika. Loure ni Mmaasai wa Simanjiro, na familia yake ni miongoni mwa zilizoondolewa Hifadhi ya Taifa ya Tarangire ilipoanzishwa mwaka 1970. Tuzo ilitokana na kazi ya kuwezesha hati ya hakimiliki ya kimila, ambayo wengi walizoea kuiona kama karatasi ya mtu mmoja na shamba lake, itolewe kwa jamii nzima juu ya malisho na misitu inayoitumia kwa pamoja. Wahadzabe wa bonde la Yaeda, wawindaji na wakusanyaji ambao ardhi yao ilikuwa ikimegwa kila mwaka na mashamba na mifugo ya wageni, walipata hati ya namna hiyo mwaka 2011.

Inafaa tujue hati hiyo hupatikana vipi, maana ndiyo kazi halisi ya kiongozi tunayemtafuta. Kwanza mipaka ya kijiji iwe imekubaliwa na majirani, na hapo penyewe pana magomvi ya miaka. Kisha kijiji kipate cheti cha ardhi yake, na kiandae mpango wa matumizi bora ya ardhi: hapa makazi, hapa kilimo, hapa malisho ya kiangazi, hapa njia ya mifugo kwenda majini. Kila mstari kwenye ramani unamgusa mtu. Mwenye ng'ombe wengi hataki uzio wa mwenye shamba, kijana anataka kulima maharage pale mzee anapotaka kuacha nyasi, mwanamke anauliza kuni atazitoa wapi. Mkutano mkuu unaweza kuvunjika jioni na kuitishwa upya mwezi ujao. Huko Kiteto, vijiji vya Olkitikiti, Lerug na Ngapapa vilikubaliana kutumia malisho kwa pamoja kuvuka mipaka yao, na eneo hilo likaitwa OLENGAPA kwa kuunganisha majina yao. Makubaliano kama hayo hayaandikiki ofisini. Yanahitaji mtu anayeweza kukaa chini ya mti saa sita akisikiliza hoja ileile ikirudiwa na wazee wanne, akatambua kwamba mzee wa nne ameongeza neno moja lililobadilisha kila kitu.

Mtu wa namna hiyo humwoni kwa kusoma wasifu wake wa kurasa tatu. Wamaasai wenyewe hawamtafuti laigwanani, yaani kiongozi wa rika, kwa tangazo. Wazee humtazama kijana ndani ya rika lake kwa muda mrefu: anavyosema, anavyonyamaza, anavyogawana, kama hasira yake hukaa au hupita. Akishateuliwa hukabidhiwa rungu jeusi, na rika hilo litakuwa lake hadi uzeeni. Utaratibu huo una dosari yake, tena kubwa: umewaacha nje wanawake. Ndiyo maana naona thamani kwamba Maanda Ngoitiko alishiriki kuanzisha Baraza la Wanawake wa Kifugaji Loliondo mwaka 1997 na kuliongoza kwa miaka mingi, na kwamba UCRT nayo ilikuja kuongozwa na mwanamke, Paine Mako. Kinachofaa kuchukuliwa kwa malaigwanani ni kule kumtazama mtu mapema, kabla nafasi haijawa wazi.

Bodi nyingi hazifanyi hivyo, na sababu mara nyingi ni mwanzilishi. Amelijenga shirika kwa jasho lake, anawajua wafadhili kwa majina ya watoto wao, na hakuna anayethubutu kumuuliza ataondoka lini. Siku akiugua au akichoka, kila mtu anashtuka. Honeyguide, shirika linalofanya kazi na maeneo ya jumuiya za uhifadhi wa wanyamapori kama Enduimet na Randilen, lilipita njia njema zaidi: Damian Bell, mwanzilishi wake, alimwachia uongozi Sam Shaba, Mtanzania aliyekuwa tayari akifanya kazi ndani ya shirika. Mrithi wa namna hiyo wanavijiji wamekwishamwona kwenye matope na kwenye vumbi.

Sisemi hesabu hazina maana. Kanuni za mwaka 2018 za mashirika yasiyo ya kiserikali zinayataka yatangaze hadharani fedha zinazozidi Sh20 milioni, na Msajili wa mashirika hayo anasubiri ripoti kila mwaka. Kiongozi anayependwa na vijiji lakini asiyejua kusoma taarifa ya mkaguzi anaweza kulizika shirika ndani ya miaka miwili. Zaidi ya hapo, fedha zimeingia ndani ya uhifadhi wenyewe. Katika kijiji cha Terrat, Simanjiro, kampuni za utalii ziliingia makubaliano ya kukilipa kijiji kila mwaka ili uwanda usilimwe, kwa kuwa nyumbu na pundamilia wa Tarangire hutoka hifadhini wakati wa mvua kwenda kula na kuzaa huko. Shilingi isipoonekana imeenda wapi, uwanda utalimwa. Ila hesabu zinaweza kushikwa na meneja wa fedha mwenye cheti chake, kama Seaton alivyoshika sheria. Imani ya mkutano wa kijiji mkurugenzi hawezi kumwachia msaidizi.

Basi usaili ubadilike. Wanaofika hatua ya mwisho wasiishie kwenye ukumbi wa hoteli wakionyesha slaidi kwa Kiingereza mbele ya watu watano. Wapelekwe vijijini, kimoja baada ya kingine, kwa siku kadhaa, waongee Kiswahili na, penye uwezo, Kimaasai au Kimeru. Waulizwe na wanawake peke yao, na vijana peke yao, halafu mkutano wote. Bodi isikilize pembeni bila kuingilia. Wawakilishi wa vijiji wawe na kura ndani ya kamati ya ajira, kura halisi inayohesabiwa. Na miezi ya majaribio itumike kwa maana yake: kabla barua ya kuthibitishwa kazini haijasainiwa, mkurugenzi mpya arudi kwenye vijiji vilevile kueleza alichoahidi na alichotenda, na muhtasari wa mikutano hiyo, ulioandikwa na mtendaji wa kijiji, uwekwe mezani pa bodi pamoja na ripoti ya fedha.