Trekta Linalomisi: Pampu Ichunguzwe Mwisho

Trekta kuukuu linapoanza kutetemeka na kukatakata mlio shambani, neno la kwanza linalosikika mara nyingi ni kwamba pampu ya dizeli imekufa. Pampu hufunguliwa na kupelekwa mjini, chama hulipa, na mvua za kupandia hupita huku plau imelala uani. Kisha trekta hurudi, nalo lingali linamisi. Hasara ya namna hii yaweza kuepukwa iwapo uchunguzi utaanzia kwenye mambo yasiyogharimu kitu na kuishia kwenye yale ya gharama.

Mfano unaojulikana na wengi ni Massey Ferguson 135, trekta lililotengenezwa Coventry, Uingereza, kuanzia mwaka 1964 hadi 1975. Lile la dizeli lina injini ya Perkins yenye silinda tatu. Silinda moja ikilala, theluthi ya nguvu imekwenda; ndiyo maana trekta laweza kutembea vizuri barabarani lakini likashindwa mara plau inapozama katika udongo mzito.

Kabla ya kushika spana, moshi utazamwe. Moshi mweusi huonyesha kwamba hewa haitoshi au dizeli imezidi, na hapo chujio la hewa ndilo la kufunguliwa kwanza, kwani beseni lake la oili hujaa matope upesi wakati wa vumbi. Moshi wa buluu ni oili ya injini inayoungua. Ringi au vali zimechakaa. Moshi mweupe asubuhi ya baridi si ajabu, lakini ukiendelea injini ikiwa imepata moto, huku ukinuka dizeli mbichi, kuna silinda isiyochoma mafuta yake. Maji ya rejeta yakipungua bila kuonekana yanakovuja, gasketi ya silinda hedi ishukiwe.

Baada ya moshi ni mafuta yenyewe. Asubuhi, kabla injini haijawashwa, dizeli kidogo ikingwe kutoka chini ya chujio katika chupa nyeupe na kuachwa itulie. Maji yakiwamo yatajitenga na kukaa chini. Mara nyingi maji hayo hayakuanzia kwenye trekta bali kwenye ghala la chama: pipa lililosimamishwa nje hukusanya mvua juu ya mfuniko wake, nayo hupenya taratibu. Pipa lilazwe chini ya paa, liachwe litulie kabla ya kuchotwa, na mashapo ya mwisho yasitiwe tangini. Jambo hili ni la mtunza ghala kuliko la dereva, ingawa dereva ndiye hulaumiwa.

Hewa ikiingia katika mabomba, mlio wa injini hupanda na kushuka, kisha injini huzima. Tone la dizeli lililoganda vumbi kwenye nati au kikombe cha chujio ni dalili ya pa kukazwa. Kisha hewa itolewe kwa mfuatano: skrubu ya chujio ilegezwe na mkono wa pampu ndogo usukumwe hadi mapovu yaishe, halafu skrubu za pampu kubwa, na mwisho nati za mabomba kwenye nozeli huku stata ikizungushwa. Mkono wa pampu ndogo ukikosa nguvu, injini izungushwe kidogo na kujaribiwa tena.

Ikiwa bado inamisi, silinda mbovu itafutwe. Injini ikiwa katika mwendo wa chini, nati ya bomba la nozeli ya kwanza ilegezwe kidogo, kisha ikazwe na kufuatwa na ya pili na ya tatu. Pale mlio unapobadilika na kuwa mbaya zaidi, silinda hiyo ilikuwa ikifanya kazi. Pale usipobadilika hata kidogo, ndiyo iliyolala. Macho yakingwe, na mkono usiwekwe kamwe mbele ya mchirizo wa dizeli: kwa shinikizo lake hupenya ngozi, na jeraha linaloonekana dogo kama tundu la sindano huhitaji hospitali siku ileile.

Hapa ndipo fedha za chama zinapookolewa. Pampu ya aina ya CAV DPA, iliyofungwa katika nyingi za injini hizo, haina kisukumio cha peke yake kwa kila silinda. Kimoja huzigawia zote tatu. Kwa hiyo silinda moja ikilala na mbili zikiwa nzima, pampu si ya kushukiwa kwanza. Nozeli ya silinda iliyolala ihamishiwe kwa jirani yake, pakiwa pamesafishwa vizuri na washa mpya za shaba zikiwekwa. Kasoro ikihama nayo, nozeli ndiyo mbovu. Ikibaki palepale, bomba litazamwe kama limepasuka, kisha nafasi za vali zipimwe, milimita 0.30 injini ikiwa baridi, na baadaye shinikizo la silinda lipimwe na fundi.

Silinda zote zikiyumba ingawa dizeli ni safi, chujio ni jipya na hewa imetolewa, pampu yaweza kupelekwa karakana yenye mashine ya kuipimia. Isifunguliwe chini ya mwembe. Vipande vyake vimesagwa kwa usahihi mkubwa, navyo hulainishwa na dizeli ileile inayopita ndani. Ndiyo sababu maji ya pipani huiua mapema.

Katibu anayepeleka trekta karakana aandike barua fupi ikitaja rangi ya moshi, silinda iliyolala, na yale yaliyokwisha kujaribiwa. Nakala ibaki katika jalada la trekta, ili fundi asije akalipwa kwa kutafuta lililokwisha kupatikana.