Wastani wa mzigo (kompyuta)

Wastani wa mzigo ni kipimo kinachoonyesha idadi ya michakato inayotumia prosesa ya kompyuta au inayosubiri zamu yake. Hutumika katika mifumo ya uendeshaji ya jamii ya Unix, ikiwemo Linux. Mfumo wa TENEX wa Marekani ulikuwa nacho tayari mwanzoni mwa miaka ya 1970. Wasimamizi wa seva hukitazama wanapoamua kama programu inahitaji kuongezewa nguvu.

Amri za uptime na top huonyesha namba tatu: wastani wa dakika 1, dakika 5 na dakika 15 zilizopita. Zikiwa 8.00, 5.00 na 2.00, mzigo unapanda, zikiwa 2.00, 5.00 na 8.00, unashuka. Namba hizo hazina maana bila kujua prosesa ina viini vingapi. Mzigo wa 4.00 kwenye viini 4 ni kazi inayotosha viini vyote. Kwenye kiini 1, mchakato mmoja unafanya kazi na mitatu iko kwenye foleni.

Linux ina tofauti yake. Tangu mwaka 1993 huhesabu pia michakato iliyokwama ikisubiri diski. Kwa hiyo seva inaweza kuonyesha mzigo wa 30 huku prosesa yake ikiwa karibu haina kazi. Hapo ndipo fedha nyingi hupotea. Msimamizi anaona namba kubwa na kukodi seva ya pili na ya tatu, kumbe zote zinasoma hifadhidata ileile iliyo kwenye diski ileile. Foleni inarefuka, na watumiaji wanazidi kusubiri.

Kwa sababu hiyo wastani wa mzigo hausomwi peke yake. Amri ya vmstat huonyesha matumizi ya prosesa na kumbukumbu, na iostat huonyesha hali ya diski. Mchakato ambao kumbukumbu yake inakua kila siku ilhali watumiaji hawajaongezeka huenda una hitilafu ya uvujaji wa kumbukumbu, na seva mpya itaahirisha tu kuanguka kwake. Toleo la Linux 4.20, la Desemba 2018, lilileta kipimo kinachotenganisha mambo haya: asilimia ya muda ambao michakato ilikwama kwa kukosa prosesa, kumbukumbu au diski, kila kimoja peke yake.

Mifumo inayoongeza nguvu yenyewe, kama Kubernetes, kwa kawaida hutumia asilimia ya matumizi ya prosesa badala ya wastani wa mzigo. Programu yenye nakala 4 zilizofikia asilimia 75, wakati lengo ni 50, huongezwa hadi nakala 6. Mzigo ukishuka, Kubernetes isipopangwa vingine hungoja dakika 5 kabla ya kupunguza nakala, kwani watumiaji walioondoka ghafla wanaweza kurudi ghafla vilevile.