Maji ya jua yapo Kiunga, barafu ina hesabu yake

LAMU – Kiunga, mji wa wavuvi ulio jirani na mpaka wa Kenya na Somalia, una bahari mbele yake, lakini kwa miaka mingi maji ya kunywa yalikuwa tabu. Mwaka 2018 shirika la GivePower la Marekani lilijenga hapo mtambo wa kuondoa chumvi kwenye maji kwa nguvu ya jua.

Paneli zenye uwezo wa kilowati 50 huendesha pampu, na betri huweka akiba ya umeme wa usiku. Pampu husukuma maji ya chumvi kwa nguvu kupita kwenye chujio lenye matundu madogo mno. Maji hupita, chumvi hubaki. Mtambo uliundwa kutoa lita 75,000 kwa siku.

Kwa mfanyabiashara wa samaki na kambakoche, hiyo ni nusu ya habari. Mzigo hauvuki mpaka bila barafu, na barafu hutaka maji baridi na umeme kwa pamoja. Kwa kawaida, kuondoa chumvi kwenye lita 1,000 za maji ya bahari hutumia uniti tatu hadi nne za umeme. Kugandisha lita hizo hizo hula zaidi ya mara kumi ya hapo. Hivyo, mtambo unaotosha kunywesha mji hautoshi kuhifadhi samaki wake.

Nchini Saudi Arabia, watafiti wa Chuo Kikuu cha Mfalme Abdullah (KAUST) walionyesha njia nyingine mwaka 2019. Paneli yao huzalisha umeme kama kawaida, na joto lake, ambalo hupotea bure kwenye paneli nyingine, huvukiza maji ya chumvi yaliyo chini yake. Kila mita ya mraba ilitoa zaidi ya lita 1.6 kwa saa, na umeme ukabaki kwa kazi nyingine. Hilo lilikuwa jaribio la watafiti, si bidhaa ya dukani.

Mei 2023 Kenya ilitangaza kufungua upya mpaka kwa awamu, Kiunga ikiwemo, lakini Julai ikaahirisha kwa sababu za usalama. Machi 2024 Somalia ikawa mwanachama kamili wa Jumuiya ya Afrika Mashariki.

Anayepanga kuweka mtaji kwenye samaki wa huko asiulize lita pekee. Aulize pia uniti ngapi za umeme hubaki baada ya maji kupatikana.